Sura ya Meza ya Tatu

Vilacollo, 4 Septemba 1987

Kompadre Zenón,

Isome hii kabla hujawasha lori, na usome peke yako. Mkeo asikae begani.

Mama tumeshamzika. Wewe ukafika kesho yake na shayiri za watu, ukalia pale mlangoni mpaka majirani wakakuonea huruma. Mimi sikukuonea. Mama alikushika mkono, mimi nikiwa palepale na bakuli la uji, akakuambia: "Zenón, nenda mjini umpigie Nieves telegramu. Mwambie nimesema arudi nyumbani." Ukaitikia ndiyo mama, ndiyo mama, halafu ukaenda kutafuta mzigo kwanza ili lori lisitoke tupu. Telegramu hukupiga. Mama amekufa akitazama mlango.

Sasa nisikilize. Usimpelekee mdogo wangu Nieves habari yoyote. Asijue kama mama amekufa, na asijue kama aliitwa. Huko Buenos Aires hana mtu wa kwetu wa kumwambia isipokuwa wewe, unapokwenda kutafuta vipuri vyako.

Wewe ulikuwepo siku ile ya meza ya tatu ya baba. Watu wamepiga magoti, roho ya baba inaagwa mara ya mwisho, na yule binti anatoka na brashi zake kumfuata kijana wa Potosí. Mama akamwambia asikanyage ua wake mpaka amwite. Mimi nikabaki. Nimemwosha mama, nimemgeuza kitandani, nimemkandia unga wa mikate ya wafu kila Novemba tangu nikiwa msichana. Na siku anakufa anamtaka nani? Huyo huyo mpaka rangi.

Roho ya mama itarudi kula nasi mara tatu, Novemba hii na mbili zinazofuata, kisha tunaiaga na haiji tena. Zikipita zote tatu nitamwambia mwenyewe. Nataka ajue siku ambayo hakuna tena wa kumngoja.

Ukifungua mdomo nitamweleza habari ya shayiri zako. Mwanao nilimshika mimi kwenye maji ya ubatizo, kwa hiyo tuheshimiane.

Eulogia Condorena

—

Buenos Aires, 11 Oktoba 1987

Dada yangu Eulogia,

Shikamoo, na umfikishie mama shikamoo yangu hata kama hataipokea. Zenón amepita hapa, amekaa kidogo tu, chai hakuimaliza. Nilimuuliza habari za mama akasema yupo vilevile. Nikamuuliza kama kuna neno langu, akainama kufunga kamba ya kiatu.

Mimi nashona zipu za suruali kuanzia asubuhi. Yule kijana wa Potosí alishaondoka zamani, na sikulia sana, kusema kweli. Ninacholilia ni kingine. Ikifika Oktoba nasikia harufu ya tanuri letu hata nikiwa hapa kwenye mafuta ya cherehani. Naona mama amekaa chini, donge la plasta mkononi, anafinyanga sura za wafu wa mwaka za kubandikwa kwenye mikate, na mimi pembeni namchanganyia rangi. Nani anamchanganyia sasa?

Nimewatumia maua ya karatasi, ya zambarau na meusi, ya kuzungushia meza. Karatasi nimekata mwenyewe Jumapili. Mwambie sitaki kitu. Neno moja tu, kwamba nije. Nitapanda basi siku hiyohiyo.

Mdogo wako,
Nieves

—

Vilacollo, 15 Novemba 1987

Nieves,

Maua yamefika. Mama aliyatazama, akauliza ni ya nani, nikamwambia. Akasema yapelekwe jikoni, yatasaidia kuwashia moto. Nasikitika kukwambia lakini hutaki nikudanganye.

Mzima sana. Anakula, anagomba na kuku. Jina lako hataji. Juzi mwanamke mmoja alimuuliza habari zako, akajibu kwamba ana binti mmoja tu.

Uliacha meza ya baba katikati ya sala, mdogo wangu. Mama hasahau. Endelea kusubiri, labda moyo wake utalainika.

Eulogia

—

Vilacollo, 20 Agosti 1988

Kompadre Zenón,

Barua iliyo ndani ya hii mpelekee Nieves. Na usinikunjie uso, najua unaukunja.

Mwaka jana ulijionea mwenyewe aibu niliyopata. Mkate nilikanda mimi, mtoto wa mkate, mkate wa umbo la mtu, mzuri, mkubwa, umeumuka vizuri, na ngazi ya roho kupandia. Lakini sura nilinunua sokoni, zile za kumwagwa kwenye kalibu, mashavu mekundu kama mwanasesere. Walicheka mpaka waliokuja kusali. "Gumercinda amekuwa mzungu huko aliko!" Nilisikia wakimsema mama. Kijiji kizima kinajua kufinyanga sura ya mfu kulikuwa kazi ya mama, na baada ya mama ni ya yule wa Buenos Aires.

Kwa hiyo nimemwambia Nieves kuwa mama anatetemeka mikono, na kuwa amemwota bibi yetu, mama yake mama, aliyefanana naye sura nzima, anataka sura yake ingawa alishaagwa zamani. Atengeneze huyo. Watu wataona Gumercinda.

Usisahau tulichoelewana.

Eulogia

—

Buenos Aires, 9 Oktoba 1988

Dada yangu,

Mama ameniomba kitu! Nimelia juu ya cherehani mpaka msimamizi akaja kuuliza. Basi hajanifuta kabisa, au siyo? Mtu hawezi kumwomba kazi binti aliyemfuta.

Sura ya bibi nimeimaliza. Nimemweka kama nilivyomkumbuka, kidevu kile cha mama, kope zilizolegea. Nimeipaka udongo mwembamba juu kama mama anavyofanya, ili moshi wa tanuri usiguse rangi. Uibandike kwenye unga ukiwa bado mbichi, uoke nayo. Usiufute huo udongo mapema. Mama atafuta mwenyewe saa sita mchana mbele ya watu, kwa kitambaa chenye mafuta, roho inapoingia. Hiyo ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote za mwaka. Watu wamenyamaza, udongo unatoka, na aliyekufa anawatazama.

Niandikie alivyosema mama akiiona. Kila neno, hata likiwa baya.

Nieves wako

—

Vilacollo, 13 Novemba 1988

Nieves,

Mama alisema pua umeikosea. Akasema pia mkono wako umeharibika kwa kushona suruali za Waargentina.

Watu wengine waliisifia, kwa kuwa ni wajinga. Wapo waliolia. Nimetoka tanurini nimeungua shavu, mikono imebabuka, mkate wameula wote mpaka chembe, na hakuna hata mmoja aliyesema unga mtamu. Nyumbani kwetu ndivyo ilivyo tangu utoto. Mkate ni wa Eulogia, unaliwa. Sura ni ya Nieves, inawekwa kabatini.

Habari ya wewe kuja nilimgusia. Akaniambia nisimharibie siku. Bado, mdogo wangu. Vumilia.

Eulogia

—

Mpakani Villazón, 7 Mei 1989

Komadre Eulogia,

Mimi siyo mtu wa kalamu, unajua. Naandika kwa kuwa nikiwa mbele yako maneno yananikimbia.

Nilikuwa kwa Nieves wiki iliyopita. Amebandika ukutani karatasi, anaandika atakachomwambia mama siku akiitwa. Anaandika, anafuta, anaandika tena. Akanisomea. Komadre, nilitoka nje kabla hajamaliza.

Novemba hii ndiyo ya mwisho. Mwache aje aage na wengine, apige magoti pale alipokimbia. Ukimnyima hiyo utakuwa umemnyima kitu ambacho hata Mungu hatamrudishia. Kosa la telegramu ni langu na nitalisema mwenyewe. Nipe ruhusa tu.

Kompadre wako,
Zenón Calle

—

Vilacollo, 2 Juni 1989

Zenón,

Ruhusa hupati.

Na huyo anayeandika na kufuta, mwache aandike. Mimi niliyemshika mama mkono mpaka ukapoa hakuna aliyenisomea kitu.

Eulogia

—

Buenos Aires, 16 Julai 1989

Dada yangu Eulogia,

Baridi huku imeanza, nina kikohozi lakini siyo cha kulala. Nimekuwa nikikuwaza wewe sana siku hizi, kuliko hata mama. Katika barua zote hizi sijawahi kukuuliza wewe u hali gani. Nimekuwa mbinafsi, nisamehe.

Jana nilifumba macho nikataka kukuona, nikashindwa. Nimeona mgongo wako tu, umeinamia beseni la unga. Nimeona aibu. Niandikie ulivyo sasa. Umenenepa? Nywele zimeingia mvi? Lile shavu ulilosema uliungua, limeacha alama? Bado unabana mdomo upande mmoja ukiwa umekasirika?

Na kama mama anataka sura nyingine mwaka huu, mwambie nipo. Nitatengeneza nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza.

Mdogo wako,
Nieves

—

Vilacollo, 10 Agosti 1989

Nieves,

Mtu kuniuliza habari zangu! Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta unachotaka, sikukiona.

Haya. Mvi zimenijaa kuanzia utosini, nazigawa katikati na kusuka mbili kama zamani. Sijanenepa, nimekauka. Alama ya tanuri ipo shavu la kushoto, chini ya jicho, ya duara. Jino la mbele limetoka. Mdomo nabana, kwa nini nisibane, wa kunichekesha yuko wapi? Watu wanasema nimeanza kufanana na mama. Nilifurahi kusikia, sijui kwa nini nakwambia.

Sura anaitaka, ndiyo. Ya bibi tena, lakini kubwa, ya ukubwa wa kiganja, kwa sababu mwaka huu watakuja watu wengi. Kuna jambo la kumalizia. Ukimaliza hii vizuri nadhani nitakuwa na habari ya kukupa kuhusu mama.

Pole na kikohozi. Chemsha majani ya mikaratusi.

Eulogia

—

Buenos Aires, 8 Oktoba 1989

Dada yangu,

Pokea sura kwa mkono wa Zenón. Nimeifanya kubwa ulivyotaka. Udongo nimeupaka mzito kidogo kwa kuwa tanuri la kwetu lina moshi mwingi. Nakuomba usiukwaruze kuchungulia, rangi itatoka nao. Fanya kama mama. Saa sita, mbele ya watu wote, kitambaa chenye mafuta, kuanzia kipaji kushuka chini.

Waite wote. Hata wale wa ng'ambo ya mto.

Nangoja hiyo habari yako.

Nieves

—

Vilacollo, 6 Novemba 1989

Nieves,

Salamu sina.

Unajua ulichofanya, lakini nitakuandikia, ukisome vizuri, ushibe.

Walikuja wote. Miwa nimeisimamisha pembe za meza, vitunguu vimechanua, pombe ya chicha imejaa mitungi, mkate nimekanda usiku kucha kwa mikono hii. Sikuwahi kukanda unga kama ule. Saa sita kengele ikalia, wakapiga magoti, nikachukua kitambaa. Nikafuta kipaji. Nikaona mvi zimegawanywa katikati, nikasema ndiyo, ni mama. Nikafuta jicho. Nikafuta shavu, na alama ya tanuri ikatokeza.

Sikuelewa. Nakuapia sikuelewa mpaka mtoto wa jirani Basilia akasema kwa sauti, "Mama, shangazi Eulogia naye amekufa?"

Basilia akamziba mdomo. Wakasimama mmoja mmoja, wakatoka bila kunigeukia. Mzee Casimiro wa sala akafunga kitabu chake, akasema yeye hawezi kusali kwenye meza ya mtu aliye hai, hiyo ni kumwitia mtu mauti kwa jina. Meza ya mwisho ya mama haikupata sala hata moja. Mkate hakuna aliyeugusa. Nimegawa nyumba kwa nyumba, wanapokea kwa adabu, kisha nakuta umetupiwa mbwa, na mbwa hawali. Jana nimekwenda tanuri la wote, wanawake wakaliziba mlango. Wananiamkia kwa mbali. Basilia ameniuliza kama nimeshachagua nguo ya kuzikiwa, na hakuwa anatania, alikuwa ananionea huruma.

Ndiyo, mama amekufa. Amekufa tangu mwaka ule wa themanini na saba. Nilikuwa nimepanga siku ya leo nikuandikie hivyo, maneno nilikuwa nayo tayari, nimeyatunza miaka yote hii. Hata hilo umeninyang'anya, kwa sababu ulikuwa unajua. Zenón huyo. Anapita mbele ya nyumba yangu anapiga honi kama mtu mwema.

Sasa nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu. Andika barua kwa Mzee Casimiro, aisome kanisani Jumapili. Sema ulikosea. Sema ulitaka kumfinyanga mama na kwa kuwa tunafanana mkono umeteleza. Watakuamini, wanaupenda mkono wako. Mimi silali, Nieves. Nikijiangalia kwenye maji ya kuoshea naona ule mkate.

Dada yako,
Eulogia

—

Buenos Aires, 3 Desemba 1989

Dada Eulogia,

Zenón aliniambia mwezi wa sita. Alikuja, akakataa kukaa, akasema yote akiwa amesimama na kofia mkononi, na habari ya shayiri pia. Nilimpiga. Kisha nikampa chai, na siku hiyo aliimaliza.

Nilitaka kupanda basi usiku uleule nije nikupasue. Nilifika mpaka stesheni. Nikakaa pale na begi, nikafikiri kwamba ungenitazama nikilia kwenye kaburi, na hicho ndicho ulichokuwa unakitaka muda wote. Nikarudi chumbani kwangu.

Mama aliniita. Umenielewa? Miaka miwili nimeandika na kufuta maneno ya kumwomba, na alikuwa ameshaniita. Nilikuwa binti aliyesamehewa na sikujua. Kila usiku nilipolala kama mbwa aliyefukuzwa, nilikuwa nimesamehewa. Ulinitumia maneno aliyosema kuhusu pua. Ulikaa ukayatunga. Ulimpa mama yetu mdomo mchafu ambao hakuwa nao, akiwa amekufa.

Tarehe mosi Novemba nilimwandalia meza hapa, juu ya cherehani. Sura yake nilifinyanga mwenyewe, yake, siyo ya bibi. Mkate haukuumuka, ulikuwa mgumu, mimi sijui kukanda, hiyo ilikuwa kazi yako na uliiweza kuliko mtu yeyote niliyemjua. Niliikosa mikono yako siku hiyo, Eulogia. Hilo ni kweli na linanichukiza. Wenzangu wa kiwandani walikuja kusali, Mparagwai mmoja na wasichana wawili wa Cochabamba. Saa sita niliufuta udongo. Nikamwambia mama yote niliyokuwa nimeyaandika ukutani. Sijui kama alikuja kwangu au alikuwa kwako anatazama ule mkate wako. Najua nimemharibia siku yake ya mwisho ya kuja nyumbani. Hilo nitalibeba, wala sitalilia kwako.

Barua ya kusomwa kanisani sitaandika. Mkono wangu haukuteleza. Nimefinyanga mashavu yako kwa barua yako, neno kwa neno, na nilipofika mdomoni nilitabasamu.

Unaujua mpango wa meza kuliko mimi. Mtu huwekewa miaka mitatu, kisha anaagwa. Ya Novemba hii ilikuwa ya kwanza yako. Sura ya pili Zenón ameshakubali kuileta, na ukikataa kuoka ataiweka kwa Basilia, yeye ataoka, kwa huruma.

Unasema hulali. Niandikie kama umekonda, nisije nikakosea mashavu.

Nieves